Waliosahihisha Nyimbo Zako

Mpendwa wangu Mama Neema,

Nina hasira, na ninaanza na hasira yenyewe kwa sababu hukupenda mtu azunguke mlima mzima kabla ya kufika mlangoni. Habari za hapa ni hizi: Kiitikio imehama. Programu uliyoijenga mezani petu Bagira, ile iliyokuwa ikifunguka kwenye Windows ya zamani tu, sasa inafanya kazi kwenye kompyuta mpya za ofisi ya muziki huko mjini, zinazotumia Linux. Kuhama huko mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kufanyike, na kulinifurahisha. Lakini njiani, kati ya nyumba ya zamani na nyumba mpya, wamesahihisha nyimbo zako ambazo hazikuwa na kosa, na wamefuta jina lako. Na kitabu kinachotoka katika programu hiyo kilikuwa karibu kuchapwa kwa ajili ya kwaya zote, kuanzia hapa kwetu hadi Luberizi kwenye mashamba ya mpunga.

Nitaeleza polepole. Unanijua: hata kukasirika siwezi bila kueleza, utadhani bado nina ubao nyuma ya mgongo. Tena barua hii itasomwa na watu wengi ambao hawakukaa nawe mezani, nao nataka waelewe kila hatua.

Unakumbuka karatasi za kwaya zilivyokuwa? Zile herufi za solfa, d na r na m, tuliziandika kwa mkono, kisha tukapiga fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, mpaka r na m zikafanana kama mapacha na besi wa kushoto wakawa wanaimba noti yao na besi wa kulia yao. Jumapili moja ulirudi kutoka misa, ukavua viatu, ukakaa, ukasema, "Papa Neema, leo soprano baliimba vumbi ya photocopie." Nilicheka mpaka nikakohoa. Wewe hukucheka. Wiki ile ile ulianza.

Ulikuwa unafundisha informatique, somo la kompyuta, siku za kazi, na Jumamosi alasiri, umeme ukiwepo, uliandika programu yako kwa Pascal, lugha uliyowafundisha wanafunzi na kuipenda kama mtu anavyopenda kisu chake cha jikoni. Neema alikuwa upande mmoja wa meza anachambua maharagwe, mimi upande mwingine. Mimi ndiye nilikuwa maabara yako. "Imba," unasema. Ninaimba. "Rudia." Ninarudia. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, lakini sikuwahi kupimwa namna ile.

Na hapo ndipo tuligombana, kwa ajili ya ule wimbo wa kumshukuru Mungu, ule ambao waitikiaji wanamaliza kwa neno Nyamuzinda, jina la Mungu kwa Kimashi chetu, na kulivuta. Ulikuwa umeipa programu sheria moja rahisi: kila kipimo cha wimbo kina mapigo manne, basi. Kipimo kikizidi, programu inakataa. Ikakataa. Kipimo cha mwisho cha kiitikio kilikuwa na mapigo sita.

"Unaniiba temps mbili," uliniambia.

"Siibi. Ninaingia pahali pangu."

"Pahali pako batu bangali ndani!"

"Njo vile," nikasema, yaani ndivyo hasa. "Ninabapokea."

Uliondoa kidole kwenye kitufe. Kisha ukaimba wewe mwenyewe, taratibu, sehemu ya waitikiaji, nami nikaingia na sehemu ya mwimbishaji kabla hujamaliza, kama tunavyofanya siku zote, kama walivyofanya wazee wetu kabla ya karatasi na kabla ya solfa. Wakati unavuta silabi ya mwisho, mimi nilikuwa tayari nimeanza ubeti unaofuata juu ya sauti yako. Haukuwa wizi wa mapigo. Ilikuwa sauti mbili katika nafasi moja.

Ndipo ukasema jambo ambalo sikulijua kuhusu mke wangu mwenyewe. Ulisema kwamba katika kilio cha baba yako, ulipokuwa msichana, watu waliimba toka asubuhi mpaka alipozikwa, na hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo wimbo ulinyamaza. Mmoja akiishiwa pumzi, mwingine alikuwa ameshaingia. "Kama ningesikia kimya," ulisema, "hata kidogo, ningejua baba amekufa. Balinishika na ile wimbo."

Basi uliibadilisha sheria. Ulitengeneza alama ndogo iliyopinda kama ndoano, ikikaa chini ya silabi ya mwisho, inayoiambia programu: mapigo haya yanaimbwa juu ya yale, si baada yake. Ukaiita kupokeana. Na ndani ya maandishi ya programu, pale ambapo mwandishi huacha maneno kwa ajili ya mtu atakayekuja kurekebisha, uliandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kwamba hilo si kosa, watu wanapokeana hapa, usiguse. Ulinisomea kwa sauti. Nilikuuliza nani atakuja kugusa. Ukasema, "Siku moja, mutu."

Huyo mtu amefika, mama.

Sasa niwaeleze wasomaji maana ya kuhamisha programu, kwa sababu nimesikia watu wakisema ni kunakili tu, kama mtu anayehamisha picha kutoka simu moja kwenda nyingine. Sivyo. Programu ni mpangaji. Haina bomba lake, haina geti lake, haina choo chake. Kila inapotaka kufungua dirisha kwenye kioo cha kompyuta au kuchora herufi, inamwomba mwenye nyumba, na mwenye nyumba wa Kiitikio alikuwa Windows. Ukimpeleka mpangaji huyo kwenye nyumba ya Linux, anakuta bomba liko kwingine, geti linafunguka upande mwingine, na kila ombi alilozoea kulitoa halieleweki. Hapo ndipo inahitajika kitu ambacho mafundi wanakiita kiunzi. Kiunzi ni mtu wa katikati anayejua desturi za wenye nyumba wote. Programu inamwambia yeye, naye anamwambia mwenye nyumba kwa lugha yake. Na kiunzi kikiwa huria, maana yake kazi yake yote iko wazi: yeyote anaweza kuisoma, kuitengeneza na kuitumia bila kuomba ruhusa. Ni jambo jema sana. Ulilitamani kwa ajili ya Kiitikio tangu zamani, ila maradhi yalikutangulia.

Lakini kuhama kuna sheria yake, na sheria hiyo haihitaji diploma. Familia iliyoingia nyumba mpya iwe ndiyo iliyotoka nyumba ya zamani. Hubadilishi watoto njiani.

Ofisi ilipopata zile kompyuta, nilipeleka diski yako mimi mwenyewe. Nilifanya kama ulivyoniusia: sikupeleka programu peke yake, nilipeleka na maandishi yake yote. Nilimwambia coordonnateur, msimamizi wa mradi pale ofisini, kwamba kuna kiunzi huria kinachosoma Pascal, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako ingehama ilivyo, na kwamba kiunzi hicho kinaitwa Lazaro. Nilidhani jina lingemfurahisha, mtu wa kanisa kama yeye.

Akatabasamu. "Papa, hatutafute kufufua bafu. Tunatafuta kitu ya kisasa."

Bafu, yaani wafu: alilisema mbele yangu, mjane wako, na kilemba cheusi cha Neema kilikuwa bado hakijawekwa sandukuni. Sidhani alikusudia ubaya. Alikuwa ameona mzaha ukipita akaukamata. Lakini nimeubeba mzaha huo tangu siku ile, na leo nautua hapa.

Kazi wakampa Ingénieur Bahati, fundi wa kompyuta, kijana mwerevu, mpole, tena Mushi mwenzetu, wa kabila letu, baba yake alikuwa mkatekista upande wa Nyantende. Nilimwomba nikae naye siku chache nimweleze. "Papa, tutakuita," akasema. Hawakuniita. Nimekuja kujua kwamba hakuyafungua maandishi yako kabisa. Alifungua Kiitikio kwenye kompyuta ya zamani, akatazama madirisha yake na vitufe vyake, na akajenga nyingine inayofanana nayo kwa sura, kwa kiunzi kingine, kwa lugha nyingine. Kama mtu anayeona nyumba kutoka barabarani na kujenga ya kwake bila kuingia ndani kuona jiko liko wapi.

Siku ya kuizindua kulikuwa na fulana, soda, sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na hotuba tatu. Nilikaa safu ya pili. Bahati alibonyeza, wimbo ukatokea kwenye ukuta, herufi safi, kubwa, nzuri kweli. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha akafungua lile dirisha dogo linaloeleza programu imetoka wapi, ambalo wewe uliandika jina lako na Bagira na maneno "kwa kwaya zote, bure". Sasa lilikuwa na alama za ofisi na za wafadhili, na sentensi inayosema programu imebuniwa na timu ya mradi. Nilifikiri macho yangu ndiyo yamechoka. Nikamwomba jirani yangu anisomee. Akanisomea vilevile.

Hapo niliumia, lakini sikusema. Nilijiambia jina ni jambo la kurekebisha kwa mazungumzo. Nilikuwa sijajua la pili.

La pili nililijua Nyantende, kwenye mazishi ya Maman Cécile, yule wa alto aliyekuwa akikuletea mihogo. Unajua jinsi mambo yalivyo huku sasa. Waimbaji wetu wa zamani wametawanyika, wengine Uvira, wengine wamevuka mpaka, wengine hatujui. Vijana wanaoimba leo wengi hawakuzisikia nyimbo hizi kwa wakubwa wao, wanazijua kwa karatasi. Ndiyo maana karatasi sasa ina uzito ambao haikuwa nao siku zetu. Zamani karatasi ikikosea, midomo ilisahihisha. Leo karatasi ndiyo mdomo.

Vijana wa Bagira walikuja na karatasi mpya kutoka ofisini. Wakaimba ule wimbo. Waitikiaji wakafika Nyamuzinda, wakalivuta, wakamaliza. Kimya. Mwimbishaji alikuwa amesimama pale, kinywa wazi kidogo, anahesabu kwa kidole pajani. Kisha akaingia. Ubeti mwingine, kiitikio, Nyamuzinda, kimya tena. Tulikuwa tumesimama kuzunguka kaburi, binti za Maman Cécile wameshikana, na katika kila kimya tulisikia koleo likigonga jiwe.

Wazee wa kike waliokuwa nyuma walianza kutazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Eh, hii kwaya iko na kwikwi?" Mwingine akamjibu, "Pengine banagombana." Na kwenye kiitikio cha tatu binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amejikaza toka asubuhi, alianguka magotini ndani ya kile kimya. Nilikukumbuka wewe na baba yako, nikashindwa kuimba.

Nilimwomba mwimbishaji karatasi yake. Ndoano haikuwepo. Mahali pake paliwekwa alama ya kupumzika, na mwimbishaji amesukumwa kwenye kipimo kinachofuata. Nikaomba nyingine, na nyingine. Zote za Kimashi. Za Kiswahili, nyingi.

Jumatatu nilikuwa ofisini kabla hawajafungua. Bahati alinipa kiti.

"Papa, haikuwa mubaya," akasema. "Nilipoingiza nyimbo za maman ndani ya programme mupya, machine ilionesha ma-erreur mingi sana. Bipimo bingi bilikuwa na temps sita. Quatre-quatre ni temps nne, haibebi sita, Papa. Njo nilitengeneza programme kidogo ya kucorriger byote mara moja."

"Na ile alama ya kupinda?"

"Ile? Nilizani ni uchafu wa fichier, ile faili ya zamani. Niliitosha, nikaifuta."

"Mutoto wangu, uliuliza nani?"

"Nilihesabu, Papa."

Nilihesabu. Mama Neema, nimefundisha kuhesabu kwa miaka mingi kuliko umri wa kijana huyo, na sina ugomvi na hesabu. Hesabu yake ilikuwa sahihi: sita si nne. Ugomvi wangu ni na mtu anayekuta jambo lile lile katika nyimbo nyingi namna ile, zilizoandikwa na mwalimu wa fani yake mwenyewe, na wazo la kwanza linalomjia ni kwamba mwalimu hakujua kuhesabu mpaka nne. Kosa likitokea mara moja ni kosa. Likitokea kila mahali, kwa namna ile ile, ni desturi, na desturi inaulizwa, haifutwi. Na hakuhitaji hata kuuliza! Ulikuwa umemwandikia. Jibu lilikuwa kwenye diski, ndani ya maandishi ambayo hakuyafungua kwa sababu yalikuwa ya Pascal, ya mama mmoja wa Bagira, ya kitu kisichokuwa cha kisasa.

Nikamweleza, nusu saa nzima. Alisikiliza kwa heshima, na niliona haamini. Alikuwa na adabu ya mtu anayemwacha mzee amalize. Mwishowe akasema, "Papa, lakini iko open source. Kama hautaki, unaweza modifier wewe mwenyewe."

Angalia neno hilo, huria, lilivyopinduliwa. Uhuria ulikuwa ahadi kwamba yeyote anaweza kutengeneza kilichoharibika. Sasa umekuwa njia ya kumwambia aliyeharibiwa: jitengenezee. Nikamuuliza maandishi ya programu mpya yako wapi ili niyarekebishe. Akasema bado yako kwenye kompyuta yake, watayaweka mtandaoni. Nikamuuliza lini. Akasema network haiko.

Nikanyanyuka. Mlangoni nikamwambia aje Jumamosi Bagira, kwenye mazoezi ya kwaya. Sikumwambia sababu, na kwa kweli sikuwa na mpango wowote, ila nilikuwa nimechoka kueleza. Na wewe unajua nimechoka kueleza mara ngapi katika maisha yangu.

Alikuja. Alishuka kwenye basi dogo amevaa fulana ya mradi, maskini, na Maman Georgette anayeongoza alto akamwona kabla hajafunga mlango.

"Njo huyu mwenye kututia kwikwi?"

"Jambo maman," akasema Bahati.

"Jambo yako iko na kipumziko mbele yake? Ingia, ingia. Unajua kuimba, ao unajua tu kubonyeza?"

Watu wakacheka. Bahati akasema haimbi sana, aliimba tu utotoni, kwa baba yake. Maman Georgette hakumpa hata dakika ya kukataa. "Leo wewe ni mwimbishaji. Karatasi weka chini, hii wimbo unaijua."

Aliijua. Alifunga macho, kwa aibu nadhani, akaanza ubeti wa kwanza kwa sauti nyembamba nzuri. Tukaitikia. Tukafika Nyamuzinda, tukalivuta, na kijana akaingia. Aliingia pale pale, kwenye pigo la tatu, juu ya sauti zetu, bila kuhesabu, bila kufikiri, kama mtu anayenyoosha mkono kupokea mtoto. Tukaenda hivyo beti mbili. Kwenye ya tatu Maman Georgette akapiga makofi kwa nguvu kutusimamisha.

"Arrêtez! Arrêtez! Ingénieur, uko na erreur."

Akafungua macho. "Wapi, maman?"

"Umeingia mbele! Karatasi inasema ungoje. Temps sita! Machine imekuona!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Besi mmoja alilazimika kukaa chini. Bahati hakucheka. Aliokota karatasi, akaitazama, midomo yake ikitembea, akaimba tena kimyakimya, akaitazama tena. Kisha akanigeukia, na alikuwa amebadilika uso.

"Papa, mi naimba vile tangu utoto," akasema. "Sikujua kama njo ile alama ya kupinda."

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa kwa muda. Alikuwa nayo kinywani siku zote. Ila tumewafundisha vijana hawa, na mimi ni mmoja wa waliofundisha, kwamba kinachojulikana kinywani si elimu, elimu ni kile kinachoonekana kwenye kioo. Akaona kioo kinakataa wimbo wa baba yake, naye akaungana na kioo.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa coordonnateur. Bahati mwenyewe alieleza, kwa ufasaha kuliko mimi, na akasema kurudisha nyimbo zote kutoka kwenye diski yako ni kazi anayoweza kuifanya. Nikaongeza la jina lako. Coordonnateur alisikiliza huku akikunja na kukunjua kifuniko cha kalamu. Kisha akafungua mlango kuona kama kuna mtu nje, akaufunga.

"Papa, nakuheshimu," akasema. "Lakini rapport ilishaenda kwa wafadhili. Ndani ya rapport tuliandika mambo mbili: kwamba programme ni ubunifu wa timu, na kwamba timu ilisahihisha nyimbo. Sasa unaomba niseme programme haikuwa yetu, na masahihisho yalikuwa makosa. Byote mbili siku moja? Nitabaki na sura gani? Moja naweza kueleza. Mbili, hapana. Choisissez, Papa. Jina ya maman, ao nyimbo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia, kwa upole ule ule, kama mtu anayekuuliza unataka chai au kahawa.

Mke wangu, nimeona mengi katika mji huu, nawe umeona. Tumeona watu wakinyang'anywa nyumba, viwanja, na vitu vya thamani kuliko jina kwenye dirisha dogo la kompyuta. Lakini wale wanyang'anyi hawakumpa mtu kiti, hawakumwita Papa, wala hawakumwomba awachagulie cha kuchukua. Huyu alichukua vyote viwili, akaviweka mezani, na akataka nimshukuru kwa kunirudishia kimoja.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa Kifaransa, ili kusiwe na mtu wa kusema mzee alikosa maneno. Alisubiri nimalize. Akasema mchapaji anangoja mafaili wiki hiyo.

Bahati alinivuta mkono kwenye korido. "Papa, chukua nyimbo," akanong'ona. "Jina nitaificha ndani ya code, ndani ya maandishi yenyewe. Coordonnateur hafunguake code. Itabaki mule, hakuna atakayejua."

Najua alikuwa ananionea huruma. Lakini nilimkatalia palepale, na sauti yangu ilisikika mpaka kwa mlinzi. Jina lako si mali ya wizi hata lipite chini ya nguo. Hukuwahi kuandika kitu kwa kujificha. Nikarudi ndani peke yangu, bila kukaa.

"Rudisheni nyimbo," nikasema. "Zote. Na kila ndoano."

Jioni Neema alipiga simu kutoka Kinshasa. Alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani. "Papa, umeuzisha jina ya maman!" Alilia, akakata, akapiga tena, akalia. Nilimwachia. Kisha nikamwambia nilichokuwa nimefikiri nikiwa nimesimama mbele ya meza ile, nami nakuambia wewe pia, maana sikupata nafasi ya kukuuliza. Jina lako mimi ninalijua, na Neema analijua, na tunaweza kulisema. Lakini kijana wa kwaya ambaye hajazaliwa bado, atakayesimama juu ya kaburi fulani Nyantende au Luberizi na karatasi mkononi, yeye hatuwezi kumfikia. Atafanya kama karatasi ilivyosema. Yule binti aliyeanguka magotini hakuhitaji kujua nani aliandika programu. Alihitaji wimbo usimwachie.

Safari hii Neema hakukata simu. "Maman angefanya vile," akasema. "Lakini mimi singefanya." Nikamwambia hata mimi nisingefanya, kama ningepewa haki yangu ya kutochagua.

Bahati amemaliza kazi. Safari hii alifungua maandishi yako, mstari kwa mstari, hapa mezani kwetu, na kila alipokwama nilimweleza alivyofikiri mwalimu aliyeyaandika. Nyimbo zimerudi, ndoano zimerudi, kitabu kimekwenda kuchapwa. Nimekagua kurasa zote mwenyewe. Kwenye jalada na kwenye lile dirisha dogo, programu imebuniwa na timu ya mradi.

Basi nimeandika barua hii na kuiacha wazi, kwa kuwa haina coordonnateur. Kila anayeisoma ajue: Kiitikio iliandikwa na Espérance, mwalimu wa informatique, mama yake Neema, mezani petu Bagira, Jumamosi baada ya Jumamosi, bure kwa kwaya zote. Hakuna timu iliyokuwepo. Nilikuwepo mimi, nikiimba ulipoamuru, na mtoto mmoja na maharagwe yake. Atakayekishika kitabu aandike jina hilo kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza, na akiulizwa na mtu amwambie ni mimi niliyemtuma.

Pumzika, mama. Mimi bado sijapoa, na sina haraka ya kupoa.

Mume wako,
Papa Neema